Kiti cha Mama kwenye Nguzo ya Tatu

Nitaje bei kwanza, maana sipendi mtu anayekuzungusha nusu saa kabla ya kusema kitu ni pesa ngapi. Mambo haya yalitugharimu nguzo moja ya veranda katikati ya mji wa Nakuru, ya tatu ukitokea upande wa stesheni. Yalitugharimu pia wateja wote wa mama kutoka Molo mpaka Subukia, na ile namna aliyokuwa akitembea mjini, shingo imesimama, kama mtu anayepita sebuleni kwake. Hakuna aliyeturudishia hata senti, na sasa wanataka na chenji.

Juzi nilipita pale. Mimi nauza mapazia ya mitumba, na ukitaka kulabu za bei nzuri lazima uingie mitaa ile ya zamani. Nyumba yetu sasa ni mkahawa. Nasema yetu, mtanielewa mbele. Mlangoni wameweka cherehani nyeusi, ile yenye maua ya dhahabu yaliyofutika, wakaipaka vanishi mpaka inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Niliinama nikainusa. Waliokuwa wakinywa kahawa walinitazama, na mimi nikawaacha watazame, hilo ndilo jambo pekee la bure pale ndani. Cherehani haikuwa na harufu yoyote. Nilijaribu gurudumu, limekwama. Sindano hakuna. Juu yake kuna kibao kinachosema kwamba hapa palikuwa moyo wa mji wa kale, na kwamba mafundi wa nguo "walikuwa wakikusanyika" kwenye veranda hii.

Walikuwa wakikusanyika! Kama ndege kwenye waya.

Hatukukusanyika. Tulikuwa kazini. Na kama kungekuwa na harufu kidogo tu ya mafuta katika ile cherehani, labda ningenyamaza nikaenda zangu kununua kulabu. Ule ukosefu wa harufu ndio ulioniamsha. Veranda ya mama ilinuka mafuta ya cherehani na wanga wa kitambaa kipya, na moshi wa pasi ya makaa ambayo Fundi Barasa wa nguzo ya nne aliipepea kwa kipande cha katoni huku akiitukana. Upepo wa Januari ulituletea vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, na mama alifunika mashati ya shule kwa shuka kabla halijafika, kwa sababu aliliona linakuja kutoka mwisho wa barabara. Upepo ukigeuka, tulinusa pareto kutoka kiwandani, harufu kavu ya kukwaruza pua. Mpaka leo nikinusa dawa ya mbu nasikia njaa, maana saa ya pareto kwetu ilikuwa pia saa ya mandazi.

Nyinyi mliovaa sare za shule wakati mmoja na mimi, wengi mlipita mikononi mwa watu wale. Familia zilishuka kutoka mashambani Januari, baba mbele na bahasha mfukoni, watoto nyuma wamepakwa mafuta mpaka nzi anateleza. Mama aliwapima kifua na kiuno, akaandika kwa chaki kwenye kitambaa chenyewe, halafu akaongeza inchi mbili bila kuulizwa. "Za kukua," alisema. Baba wa mtoto alipumua, kwa maana alikuwa ameshapiga hesabu ya miaka miwili.

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yake Mhindi mwenye duka, zamani za reli, kwa mawe ya kuchonga, na paa la mabati lililotokeza mbele mpaka ukingo wa barabara. Zote za mtaa ule zilikuwa hivyo, veranda imeshikana na veranda. Mvua ya Aprili ikinyesha, ungeweza kutoka sokoni ukafika karibu na stesheni nywele zimekauka. Lakini paa hilo halikutokezwa kwa ajili yetu. Mama alituambia, kama alivyoambiwa na waliomtangulia, kwamba lilikuwa la mabibi wa kizungu waliokuja na magari kutoka mashambani kununua vitambaa. Mwafrika alipita, hakukaa. Fundi wa kwanza, mzee mmoja aliyeitwa Jairo, aliruhusiwa kushona pale nje lakini akakatazwa kiti, ati kiti kingewazuia mabibi njia. Sasa niambieni, nani anakanyaga cherehani amesimama? Mzee Jairo akaleta sanduku la mbao la mafuta ya taa, akalikalia. Akija mtu wa kuuliza, anasimama na kusema hii ni bidhaa ya duka. Jioni aliliacha pale pale kwenye nguzo. Asubuhi akalikuta. Hivyo hivyo mpaka wazungu wakaenda zao na sanduku likabaki.

Kutoka kwa sanduku lile ikatoka sheria ya veranda, ambayo hakuna mtu aliyeiandika kwa sababu hakuna aliyehitaji. Cherehani unaweza kubeba ukaenda nayo, lakini kiti kikibaki kwenye nguzo, mahali ni pako. Uende kujifungua, uende kuzika Kisii au Kitale, ulazwe hospitali mpaka watu wakusahau jina, kiti chako hakiguswi. Mama alipojifungua ndugu yangu alikaa nyumbani miezi, na hakuna aliyeweka hata kikapu kwenye nguzo ya tatu. Na siku fundi anapoacha kazi kabisa, anabeba kiti chake mwenyewe mbele ya wenzake, wanamshika mkono, na mwingine anakuja na chake. Fundi Barasa alikuwa akipigapiga kiti chake cha miguu mitatu na kuwaambia wateja, "Hii ndiyo hati yangu ya shamba. Na tofauti na yenu, hii inakalika."

Mimi nilikuwa na elimu yangu mwenyewe kuhusu nyumba ile, ya mtoto aliyekulia sokoni. Juu kabisa, pale ukuta unapopanda kama kofia, palichongwa jina la Mhindi wa kwanza na chini yake tarakimu nne kubwa. Leo najua ni mwaka iliojengwa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu kuhusu namba zinazobandikwa kwenye vitu, kwamba ni bei. Nyumba yetu ilikuwa inauzwa elfu moja mia tisa na kitu. Nilizitazama za jirani zote, mara mbili, nikaona iliyo kando yetu ni nafuu kwa shilingi chache na rangi yake ni mpya. Nilishangaa sana kwa nini watu wazima hawalioni jambo hili.

Basi siku moja nikamwendea Simoni. Simoni alikuwa ajenti wa nyumba, wa kukusanya kodi ya duka na kuita fundi wa mabomba. Mhindi mzee alikuwa amefariki, wanawe wako ng'ambo, na Simoni ndiye alikuwa mkono wao hapa. Lakini kwetu alikuwa mtoto wa veranda. Baba yake alishona nguzo ya tano mpaka alipokufa. Simoni akiwa mchanga alilala kwenye kikapu cha vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama, na alipoingia sekondari mama ndiye aliyemshonea suruali yake ndefu ya kwanza, bure. Nikamvuta shati.

"Simoni, hii nyumba ni ile bei ya huko juu?"

Akatazama nilikoonyesha. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Eeh, ndio hiyo. Uko nayo?"

"Punguza."

"Nipunguze ngapi, boss?"

"Hiyo ya kando ni rahisi na imepakwa rangi. Yako imechakaa. Mimi nikienda kwa jirani usinilaumu."

Fundi Barasa akaangusha makasi. Mama akajificha uso kwa kitambaa kwa aibu, lakini alikuwa akicheka pia. Simoni akanipa peremende mbili, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa, akasema, "Wewe nitakuwekea. Hakuna mwingine nitamuuzia." Na mimi nikaamini. Nilikuwa na ahadi ya nyumba nzima, peremende mbili za kufungia mapatano, na mashahidi.

Jambo la pili nililolijua lilikuwa kubwa zaidi, kwamba mafundi ndio walioshikilia paa. Nilikuwa naona kwa macho yangu. Kila fundi aliegemeza mgongo kwenye nguzo yake kuanzia asubuhi, na mgongo wa mama ulikuwa na alama ya jiwe kwenye sweta. Akienda kununua uzi aliniambia, "Njeri, kaa hapo." Mimi nilikaa nikabana nguzo kwa mgongo, miguu nimeikaza sakafuni, jasho linanitoka, nikihisi uzito wote wa mabati. Akirudi, paa liko salama. Sikuwahi kumwambia ni kazi gani nimefanya. Nilidhani anajua.

Simoni alikuja mchana mmoja, shule zimeshafunguliwa na kazi imepungua. Alisalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake.

"Mama Njeri, Baba Nekesa, mafundi wote, niko na habari njema. Tunapaka rangi. Ni siku chache tu."

"Rangi gani?" akauliza Barasa.

"Krimu."

"Na sisi tuende wapi, tukapakwe krimu pia?"

Watu wakacheka. Simoni akacheka kuliko wote. "Mpumzike nyumbani kidogo, mzee. Mmefanya kazi. Lakini tafadhali msiache kitu chochote. Hata kiti."

Mama aliacha kukanyaga. Nakumbuka kwa sababu cherehani ilinyamaza. "Hata kiti, Simoni?"

"Hata kiti, mama. Hawa wapakaji siwajui vizuri, wako na mikono mirefu. Na rangi ikimwagikia kiti chako utanilaumu mimi mtoto wako."

Mtoto wako. Alisema hivyo. Akainua cherehani ya mama yeye mwenyewe, akaibeba mpaka kwenye mkokoteni. Akarudi akachukua kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akakiweka juu ya kichwa changu taratibu, kama anayemvisha mtu taji. Mafundi wote sita wakaondoka siku hiyo na viti vyao. Ulikuwa ustaarabu tu. Mtu amekuomba kwa heshima, ni mtoto uliyemlea, utamkatalia vipi? Hakuna mtaa mwingine Kenya nzima ambapo watu wangepoteza mahali pao kwa sababu ya kubeba viti. Ni pale tu, na ni mtu wa pale tu angejua.

Tuliporudi rangi ilikuwa imekauka. Kati ya nguzo na nguzo palikuwa na mnyororo, na askari wawili wa kampuni wasiotujua. Simoni alikuwa amesimama ndani ya mnyororo na faili kwapani.

"Simoni, toa hii kitu tuingie kazini," mama akasema. Alikuwa amebeba kiti mwenyewe siku hiyo.

"Kazi gani, mama?"

"Kazi gani? Uko sawa kweli?"

"Mama, si nyinyi mlihama? Kila mtu alibeba kiti chake, mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo sheria ya veranda. Mimi nimekulia hapa, siwezi kuivunja."

Kisha Barasa akasema polepole, "Kijana. Ulituambia ni rangi."

"Na rangi si hiyo?" akasema Simoni, akigonga nguzo kwa kidole.

Hilo ndilo ambalo sijaweza kulimeza mpaka leo. Kama angetuletea barua ya wakili tungelia kama watu wengine wanavyolia na barua. Kama angetuletea kanjo, askari wa manispaa, na rungu, tungekuwa na alama za kuonyesha. Yeye alichukua kitu ambacho mafundi walitunza tangu sanduku la Mzee Jairo, kitu kilichomkinga hata baba yake akiwa mgonjwa, akakigeuza akatufukuza nacho, na bado akabaki na adabu.

Mama alimtazama chini mpaka juu, kama anayempima. "Ile suruali yako niliiachia inchi za kukua," alisema. "Sikujua utakua hivi."

Walienda ofisi ya mji kulalamika. Wakaulizwa karatasi iko wapi. Barasa akaweka kiti chake juu ya meza ya karani. Karani akamwambia, "Mzee, toa fanicha yako," na huo ndio uliokuwa mwisho wa kesi.

Mama akashonea kwenye chumba chetu cha kupanga nyuma ya soko, penye dirisha la ukubwa wa sahani. Watu wa Molo walikuja Januari iliyofuata, wakakuta mnyororo, wakanunua sare za dukani zisizo na inchi za kukua. Mimi kila nikitoka shule nilipitia ule mtaa, nikasimama upande wa pili wa barabara, mbali kiasi ili mabati yasinifikie, nikangoja paa lianguke. Nilikuwa na hakika. Nguzo sita, hakuna hata mgongo mmoja. Nilingoja muhula mzima. Mvua kubwa ikaja, upepo ukaja, paa likakaa pale pale, jipya, la krimu, halijui hata nani ametoka. Nililichukia kuliko nilivyomchukia Simoni. Na kwa nini nidanganye, nikipita hata leo na huu umri wangu, naliangalia kwanza kama limeinama.

Simoni tunaonana naye. Ana nyumba za kupangisha huku Kiamunyi tunakokaa na mama. Kanisani hukaa mbele. Hutusalimia vizuri sana.

Sasa ndio nifike mahali ninapotaka msaada wenu. Wiki moja baada ya mimi kunusa ile cherehani, nilipigiwa simu na meneja wa mkahawa, msichana mchanga mwenye sauti ya upole. Kumbe mmoja wa wale wanywaji kahawa alinifahamu akampa namba yangu. Walikuwa na siku ya kusherehekea mji wa zamani, wakaomba mama aje akae kwenye veranda ashone, wageni wampige picha.

"Mnalipa ngapi?" nikauliza.

"Ni heshima tu, madam. Tunamuenzi."

"Heshima ni ngapi kwa saa?"

Hakuwa na bei. Nikataka kukata simu, lakini mama alikuwa ameshasikia na ameshaanza kutafuta viatu. "Nitaenda," alisema. "Lakini sikalii kiti chao."

Tukaenda na cherehani yake na kiti chake. Akakaa nguzo ya tatu, mgongo ukapata jiwe lake kana kwamba aliondoka jana. Kijana mmoja mwenye kamera akamwinamia. "Mathe, hii mashine mlikuwa mnaitumia kufanya nini?"

"Kulisha huyu," mama akasema, akinionyesha kwa makasi.

Yule aliyekuwa akiwatembeza wageni akaeleza kwamba mafundi walihama biashara ilipobadilika. Mama hakuinua macho kutoka kwa pindo alilokuwa akishona. "Hatukuhama," alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Tulipakwa rangi." Wageni wakacheka wakidhani ni utani wa wazee. Mmoja akaandika.

Jioni nikapakia cherehani kwenye pikapu, nikarudi kuchukua kiti. Mama akanipiga mkononi. "Acha hapo." Nikamwangalia. Akafunga kitambaa chake cha kichwa, akashuka ngazi, akapanda gari, na njia nzima mpaka Kiamunyi akaimba nyimbo za kanisa.

Tangu siku hiyo sina amani. Meneja alipiga simu kesho yake. "Madam, mathe alisahau kiti." Nikamwambia hakusahau. Akapiga tena kusema wamekizungushia kamba na kuweka kadi ya kuwaambia watu wasikikalie, ni historia. Akapiga mara ya tatu na bei mkononi, na ilikuwa bei nzuri, siwafichi. Kwa mbao ile, ningekuwa nauza mimi ningeona haya kuitaja. Wakikinunua, kinakuwa chao na mahali ni pao. Nisipokiuza, amesema kwa upole ule ule, nije nikichukue kufikia Ijumaa, la sivyo watakitoa nyuma kwenye taka.

Mama kila asubuhi huniuliza kabla ya chai, "Bado kiko?" Nikimwambia kiko, anakunywa chai yake. Ameshatia futi ya kupimia kwenye mkoba na kuniambia nimpeleke Jumatatu, maana likizo yake imekwisha. Fundi Barasa, ambaye sasa anatembea na fimbo huko Bahati, amepata habari na ametuma mjukuu kuuliza ikiwa nguzo ya nne imewekwa kitu.

Maisha yangu yote nimejua cha kufanya mtu akinitajia bei. Hapa kila upande ninaogeukia napata hasara. Nikikiuza nimemuuza mama. Nikikiacha kitatupwa. Nikienda kukibeba, kwa sheria ile ile nitakuwa nimemwondoa verandani mara ya pili, na safari hii bila Simoni. Polisi nikienda, niwaambie nini? Wakili nimemuuliza, ameomba karatasi.

Nyinyi mliovaa sare zilizoshonwa pale, mnaolijua jiwe lile na mnajua kiti kilikuwa na maana gani, niambieni basi. Meneja anataka jibu Ijumaa, na mama ameshapiga pasi nguo za Jumatatu. Mngekuwa mimi, mngefanya nini?